Kula Nilichomwandikia Mwenzangu

Mwaka nilioacha kazi ya hospitali nilidhani kilichokuwa kinanichosha ni hospitali yenyewe. Nilikuwa nimefanya kazi ya lishe katika hospitali ya misheni kwa zaidi ya miaka ishirini, asubuhi wodi ya watoto, mchana jikoni, na magoti yalikuwa yameanza kunisumbua. Ilikuwa ile miaka ya mwanzo wa ruksa. Watu binafsi walikuwa wameruhusiwa kufanya kazi za tiba, na pale Songea mjini vibao vilianza kuota kimoja baada ya kingine: duka la dawa, zahanati ya fulani, maabara ya fulani. Nikamwomba Mungu anioneshe njia, nikaona kama amenionesha, nikakodi chumba nyuma ya duka la vitambaa karibu na soko na kuandikisha kibao changu: Ushauri wa Lishe.

Kibao kile kiliniletea watu wa aina mbili. Wa kwanza waliingia na njaa yao wakiuliza kama wali upo.

"Si umeandika lishe hapo nje?" alinihoji mchukuzi mmoja wa sokoni, jasho likimtiririka.

"Nimeandika ushauri wa lishe, baba."

"Mama lishe wote wanapika. Wewe peke yako ndiye unashauri." Akaangalia meza yangu, mizani yangu na kalenda ya parokia ukutani, akatoka akitikisa kichwa.

Wa pili walikuwa wagonjwa wenyewe. Madaktari wa zahanati waliwatuma kwangu na vikaratasi: huyu ana sukari, huyu ana presha, mtoto huyu haongezeki uzito. Niliwasikiliza, nikawaandikia kwa mkono karatasi ya chakula, wakaenda zao. Hapo ndipo uchovu wa aina nyingine ulipoanza, ambao sikuujua kabla. Kule hospitali kila asubuhi tulikaa pamoja, daktari, matroni na mimi, na nikisema jambo lisilo sawa mtu atanung'unika, au matroni ataguna tu kwa namna yake, nami nitajua nirudi nikafikiri. Ndani ya chumba changu hakuna aliyeguna. Nililosema ndilo lililokuwa. Jioni nilipanda mguu kwa mguu kurudi nyumbani Mshangano nikiwa nimewabeba wote kichwani, na wakati wa kusali rozari nikajikuta badala ya kutafakari matendo yake ninahesabu vijiko vya mafuta vya mama fulani.

Nitasimulia habari ya mmoja tu, kwa sababu yeye ndiye aliyenifundisha nilichokuwa nimekikosa.

Alikuwa katekista wa kigango kimoja, kijikanisa kisicho na padri wake, upande wa barabara ya Namtumbo, mwanaume wa miaka hamsini na kitu, mrefu, mpole, mwenye sauti iliyozoea kuongoza nyimbo bila kinanda. Alikuwa na ugonjwa wa sukari. Daktari alikuwa amemwanzishia vidonge vya kuishusha, akamtuma kwangu kwa ajili ya chakula. Alikuja na mkewe, mwanamke mfupi mwenye macho ya haraka, ambaye alikaa kwenye benchi la pembeni na kikapu mapajani. Nilizungumza na mume. Mke sikumwuliza kitu zaidi ya kama safari ilikuwa njema.

Nikamwandikia karatasi ile ile niliyokuwa nikiwaandikia watu wa sukari tangu nilipofundishwa. Asubuhi, chai bila sukari na kipande cha muhogo wa kuchemsha. Mchana, ugali kiasi cha ngumi, maharage, majani ya maboga. Jioni hivyo hivyo, ugali upungue. Aliisoma yote kwa sauti ya chini, akaikunja mara mbili na kuiweka ndani ya kitabu cha sala.

Sijawahi kupata mgonjwa mtiifu kama yule. Kila baada ya majuma mawili alikuja, nami nilipima mkojo wake kwa dawa ya bluu kama tulivyofanya siku hizo, kwenye kichupa juu ya moto wa taa ya spiriti. Mara ya kwanza uligeuka rangi ya tofali. Mara ya pili manjano. Mara ya tatu kijani. Halafu siku moja ukachemka na dawa ikabaki bluu ile ile, nami nikakiinua kile kichupa dirishani kumwonesha.

"Mwalimu, tazama. Kama anga."

Makatekista tunawaita Mwalimu. Akatazama, akafanya ishara ya msalaba. Nilifurahi mno. Yeye alikuwa amekonda, mkanda wa suruali umetobolewa tundu jipya kwa msumari, na mimi niliyaona hayo kama ushindi.

Siku ile ile, akiwa amesimama mlangoni tayari kuondoka, alisema, "Kwaresima imeingia, Mama. Ijumaa nitafunga asubuhi na mchana kama kawaida yangu. Nitakula jioni, kwa karatasi yako."

Nilimsikia vizuri kabisa. Nilijua alikuwa anameza vidonge kila asubuhi. Nilijua vidonge vile vinashusha sukari hata pale ambapo tumboni hakuna kitu cha kushushia. Nikainama kuandika tarehe kwenye daftari, nikasema, "Mungu akutie nguvu, Mwalimu."

Ijumaa ya nne ya Kwaresima alianguka kwenye Njia ya Msalaba, mbele ya waamini wake. Habari hizo aliniletea mwenyewe Jumanne iliyofuata. Alikuwa ameanza kutetemeka na kutoka jasho kituo cha saba kati ya vile kumi na vinne, maneno kwenye kitabu yakamcheza, na alipopiga goti kituo cha tisa hakuinuka. Watu walidhani amezidiwa na ibada, wakaanza kuimba. Ni mkewe aliyepenya katikati yao akamtia togwa mdomoni, togwa tamu la ulezi lililokuwa la wageni, mpaka akafumbua macho. Alipokuwa ananisimulia alitabasamu kwa aibu. Nami nilifanya nini? Nikamwambia aongeze kipande cha muhogo asubuhi. Sikumwambia asifunge. Sikumwandikia daktari kuhusu vidonge. Nikapima mkojo, ukawa bluu, na safari hii sikuuinua dirishani.

Jumamosi nilikwenda kuungama.

Nimelelewa na masista tangu nikiwa msichana, na nimezoea kwamba kosa likikulemea unalipeleka pale, unapiga magoti, unaliacha. Nilimweleza padri yote: kwamba nilijua na nikanyamaza, kwamba mtu angeweza kufa. Alikuwa padri mzee mwenye sauti ya mkwaruzo, asiye na maneno mengi. Alininasihi, akanipa kitubio cha zaburi moja, akaniondolea. Nikaanza kujiinua, moyo umekuwa mwepesi, ndipo aliposema kutoka nyuma ya kimia cha kiti cha maungamo, "Ngoja kwanza, Mama. Huyo mtu Ijumaa hii anakula nini?"

Nikarudisha magoti chini.

"Mimi nimekuondolea dhambi," akasema. "Karatasi yake ya chakula siwezi kuisahihisha. Hiyo siijui. Nenda kwa anayeijua."

Nilitoka kanisani nikakaa kwenye ngazi muda mrefu, mvua ya Machi ikinyesha kwenye mikungu ya migomba ya parokia. Nilitambua kwamba kwa mwaka mzima na zaidi nilikuwa nikifanya hivyo hivyo. Kosa la kazi nikilihisi, nalipeleka kwenye maungamo, nasamehewa kweli, na mgonjwa anabaki na karatasi ile ile mkononi mwake.

Anayeijua alikuwepo. Kulikuwa na sista mmoja mzee, amestaafu, anaishi kwenye nyumba ya masista upande wa Ruhuwiko. Ndiye aliyenifundisha kazi ya lishe nilipokuwa bado sijui kutofautisha utapiamlo wa kuvimba na wa kukonda. Kwa miaka mingi nilimtembelea Krismasi na Pasaka tu, nikimpelekea mayai. Jumatatu nikaenda bila mayai.

Nilimkuta bustanini amekaa kwenye kigoda, anapalilia vitunguu kwa kisu.

"Shikamoo, Sista."

"Marahaba. Pasaka bado. Una nini?"

Nikamweleza kwamba natafuta mtu wa kumpelekea kazi yangu, aitazame, aniambie ninapopotea. Nilitaka kuanza kumtaja katekista, akainua kile kisu.

"Usinitajie jina wala kigango. Mgonjwa wa kwako mlete kwa chakula chake. Karatasi iko wapi?"

Nilikuwa nimebeba nakala. Akaisoma akiwa ameishika mbali na macho, kisha akanirudishia.

"Ipike."

"Sista?"

"Jikoni kuna unga, kuna maharage yamechemshwa, majani ya maboga yako hapo nyuma yako. Wewe umemwandikia mtu siku nzima. Nataka kuiona siku hiyo mezani."

Basi nikafunga kanga kiunoni na kuipika siku nzima ya katekista. Niliweka mezani kipande cha muhogo na kikombe cha chai, kisha sahani ya mchana, kisha sahani ya jioni. Niliwahi kuandika karatasi ile mara nyingi mno, lakini sikuwahi kuiona imekaa pamoja juu ya meza moja. Ilikuwa ndogo. Sista alizunguka meza taratibu kama anakagua mabweni.

"Ijumaa za Kwaresima anakula nini asubuhi?"

"Hali."

Akaondoa muhogo na chai. "Mchana?"

"Hali."

Akaondoa sahani ya pili. Ikabaki sahani ya jioni peke yake, ngumi ya ugali ikianza kukauka juu.

"Umeandika wapi kwamba asile?"

"Sikuandika. Aliniambia mwenyewe kwamba anafunga."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwombea Mungu amtie nguvu."

Hakucheka. Alifunika sahani na kuketi. "Siku nzima anafanya kazi gani?"

Nilijua ni katekista. Nilijua vigango jinsi vilivyotawanyika. Lakini sikuwahi kumwuliza anatembea kiasi gani, wala kama ana baiskeli. Karatasi yangu niliinakili kutoka kwenye mafunzo, na mafunzo yale nadhani yaliandikwa kwa ajili ya mtu anayekaa kwenye kiti.

"Sijui, Sista."

"Sasa niambie jambo moja. Angekuja kwako mfanyabiashara wa korosho kutoka Tunduru, Mwislamu, akasema anafunga Ramadhani na huku anameza vidonge hivyo hivyo, ungenyamaza?"

Nilijua jibu kwa sababu lilikuwa limeshatokea. Mwaka uliotangulia alikuja mzee wa hivyo hasa. Nilimkalisha chini, nikamweleza hatari yote, nikamwomba azungumze na daktari na shehe wake kabla ya mwezi kuandama, naye akanishukuru sana.

"Nisingenyamaza," nikasema.

"Kwa hiyo ni wa kwenu ndiye uliyemwonea haya."

Mimi nami nilikuwa nafunga Ijumaa zile. Ningemwambiaje mwalimu wa dini, anayewafundisha watoto wetu Katekisimu, kwamba asifunge? Nilikuwa nimeona utakatifu wake, nikasahau kongosho lake. Na jambo baya zaidi, nilijua vema kabisa kwamba Kanisa halimdai mgonjwa mfungo. Nimelifundisha hilo mwenyewe kwenye jumuiya yetu.

Sista hakunikemea. Alisema tu, "Kaile hiyo karatasi siku tatu. Tembea anavyotembea mtu asiye na gari. Ijumaa uje."

Niliila. Jumanne nilijiona hodari. Jumatano nilikwenda mjini na kurudi Mshangano kwa miguu, na mchana nikamjibu vibaya mama mmoja aliyechelewa. Alhamisi, nikiwa narudi, nilikalia ukingo wa kalvati karibu na mashamba ya mahindi mabichi, mikono ikinitetemeka, nikawa natazama mahindi ya watu kwa macho ambayo sikuyapenda. Jirani yangu mmoja alipita na ndoo.

"Mama, unaumwa?"

"Najifunza," nikamjibu.

"Kwa umri huo?" akasema, akaendelea na safari yake.

Na mimi sikuwa na kidonge tumboni.

Ijumaa nilimweleza Sista. Alisikiliza, akaniuliza maswali mengine ambayo sitayaandika yote, mengi yakihusu mke wa mgonjwa, nami nikaona haya tena, maana kwa kila swali jibu lilikuwa kwa yule mama wa kikapu ambaye sikumwuliza kitu. Kutoka hapo nilipitia kwa daktari aliyemtuma. Nilimweleza bila kujipamba. Alikuwa mtu mchovu kama mimi, foleni imejaa mpaka barazani. Akavuta kadi, akapunguza vidonge nusu kwa nusu, akasema, "Mimi nilidhani anakula. Kwa nini hukuniambia mwezi uliopita?" Nikamwambia kwa sababu niliogopa. Alinitazama kidogo, akaita mgonjwa mwingine.

Ilibaki kazi yenyewe, na Ijumaa ile ilikuwa imeshanipita. Juma Kuu lilikuwa linaingia. Ijumaa Kuu katekista angefunga tangu alfajiri, aongoze Njia ya Msalaba kutoka kijijini mpaka kilimani, ambako kigango chao kilikuwa kimesimika msalaba, na kule hakuna gari la kumwahi. Kuanzia Jumatatu ningekuwa na siku nne.

Jumatatu nikapata nafasi kwenye lori lililokuwa linakwenda Namtumbo kuchukua tumbaku. Barabara ilikuwa tope tupu. Tulikwama mara mbili, na mara zote mbili nilishuka na kusimama kwenye majani, viatu mkononi, nikisali kimoyomoyo nisije nikafika nikiwa nimepoteza ujasiri. Moshi wa mabani ya kukaushia tumbaku ulikuwa umetanda chini juu ya mashamba. Nilifika saa nane mchana.

Mkewe alikuwa barazani anapukuchua mahindi ya mwaka jana.

"Tumsifu Yesu Kristo," nikasema.

"Milele, amina. Karibu. Leo mwenye karatasi amekuja mwenyewe."

Nilipoingia ndani nilielewa. Karatasi yangu ilikuwa ukutani, imebandikwa kwa uji wa unga, chini kabisa ya picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu. Kingo zake zilikuwa zimeshikwashikwa mpaka zikawa nyeusi.

"Anaisoma asubuhi baada ya sala," alisema yule mama. "Mimi namwambia, baba, ongeza kidogo. Ananionesha kwa kidole: imeandikwa ngumi."

Katekista aliingia kutoka shambani, akanisalimia kwa furaha, akaosha mikono, akaketi. Alikuwa amezidi kukonda. Nilikuwa nimepanga maneno yangu tangu Songea, lakini yote yalibaki kwenye tope.

"Mwalimu," nikasema, "ile siku hukuanguka kwa sababu ya ibada. Ulianguka kwa sababu yangu."

"Hapana, Mama, usijitwike. Nilianguka kituo cha tisa. Na Bwana Yesu mwenyewe kituo cha tisa anaanguka."

"Yesu hakuwa na sukari," mkewe alisema kutoka mlangoni.

Nikamweleza. Nilimwambia vidonge vinafanya nini kwenye mwili usio na chakula, na kwamba daktari ameagiza sasa ameze nusu. Nilimwambia kwamba rangi ya bluu inaonesha tu kwamba sukari haijazidi, haioneshi kama imepungua mno, na kwamba mimi nilifurahia rangi badala ya kumtazama yeye. Nilimwambia kwamba aliposema anafunga nilijua hatari nikanyamaza kwa kumwonea haya. Alisikiliza mikono ikiwa magotini, kama, nadhani, anavyowasikiliza wachumba wanaokuja kuandikisha ndoa.

"Na Ijumaa Kuu?" akauliza.

"Usifunge."

"Mama, kwa zaidi ya miaka ishirini nimewafundisha watoto wa hapa kufunga Ijumaa Kuu."

"Umewafundisha pia kwamba mgonjwa hafungi."

"Mgonjwa, ndiyo."

"Na wewe ni nani?" mkewe akauliza.

Akageuka kutazama nje, ambako kuku walikuwa wanagombania punje zilizoanguka. Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea, na hakuliuliza kwa ukali.

"Haya umeyajua mwenyewe, Mama, au umeambiwa? Maana mwezi jana hukuyasema."

"Nimeulizwa," nikasema. "Kuna mtu nimempelekea kazi yangu. Jina lako halijui, wala kijiji. Anajua tu unakula nini. Aliniuliza maswali nikashindwa, akanilisha karatasi yako siku tatu. Siku ya tatu nilikaa barabarani kwa kutetemeka."

"Umeila hii?" Akageuka kuitazama ukutani.

"Nimeila."

Mkewe akacheka, kicheko kifupi kisicho na ubaya. "Kumbe na yeye imemshinda."

Katekista hakucheka. Alikuwa anafikiri. "Mimi kila mwezi nalipeleka daftari langu kwa Padri," akasema. "Waliobatizwa, waliofunga ndoa, waliozikwa. Anauliza, huyu mbona hakupakwa mafuta, hawa mbona hawajaja mafundisho. Mara nyingine narudi nimekasirika njia nzima. Lakini ninapokosea najua kosa haliendi mbali. Nilidhani ninyi wataalamu hamwulizwi."

"Nilikuwa siulizwi," nikamjibu. "Ndiyo sababu ulianguka."

Akasimama, akaenda ukutani, akaanza kuibandua karatasi. Uji ulikuwa umeshika. Ilichanika, kona moja ikabaki pale chini ya picha. Akairudisha mezani, akaipindua upande usioandikwa, akanisogezea.

"Andika nyingine. Lakini Ijumaa Kuu sitaki kula mbele za watu."

"Andika, mimi niseme," mkewe alisema, akavuta kigoda. "Ninayepika ni mimi, na hukuniuliza hata siku moja."

Niliomba radhi. Kisha nikaandika anayoyasema yeye: nyumba ina nini mwezi huu, akiba ya ulezi iko kiasi gani, mume anatembea siku zipi na kwenda wapi, anarudi saa ngapi, anapenda nini hata asipokuwa na njaa. Kuna Jumapili alikuwa anatembea vigango vitatu. Tulikaa mpaka lori lilipopiga honi barabarani likirudi. Karatasi ile haikufanana na yoyote niliyowahi kuandika. Ilijaa mpaka pembeni, na mahali pawili niliacha wazi nikasema, hapa sijui, nitauliza.

Ijumaa Kuu nilikwenda. Sikuweza kukaa Songea nikisubiri habari. Mvua ilikuwa imesimama, na watu walikuwa wengi kutoka vigango vyote, kina mama wamejifunga kanga nyeusi. Mkewe alinipa ishara kwa kichwa. Asubuhi mumewe alikuwa amekula uji na kiazi, nyumbani, mlango umefungwa. Kidonge alimeza nusu. Kwenye kikapu cha mkewe kulikuwa na chupa ya togwa imefunikwa kwa leso.

Tulipanda. Nilikuwa nimechoka kwa safari, na kila kituo nilikiona kirefu. Kituo cha saba nikamtazama mikono. Kituo cha tisa akapiga goti, watu wote wakapiga goti, na nilihisi kilima kizima kimezuia pumzi ingawa nadhani ni mimi peke yangu. Akainuka. Alishika goti kwa mkono, akainuka.

Lakini kufika cha kumi na moja sauti yake ilipungua, na nikaona jasho shingoni ambalo halikuwa la jua. Akafunga kitabu kidole kikiwa katikati. Akamtafuta mkewe kwa macho. Yule mama akapenya na kikapu, akatoa chupa bila kuificha, na katekista, mbele ya kigango chote, saa ya Ijumaa Kuu, akanywa mikupuo miwili mikubwa. Akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

Bibi mmoja karibu yangu akaguna. "Nini hicho?"

"Dawa," mkewe alimjibu.

"Dawa ya nini?"

"Ya kusimama."

Katekista akangoja kidogo, akanywa tena, akafungua kitabu. Alisoma vituo vilivyobaki kwa sauti yake ile ile, na tukamzika Bwana, tukateremka. Hakusema kitu nami siku ile, aliniinamia kichwa tu. Mwezi uliofuata alikuja na baiskeli ya kuazima, mkewe kwenye keria, na wote wawili wakakaa mbele ya meza.

Tangu hapo, kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi nilikwenda Ruhuwiko, miaka mingi, mpaka Mungu alipomwita Sista. Sikupeleka makosa tu. Nilipeleka na wale niliodhani wanaendelea vizuri, hasa hao. Mara nyingine nilirudi nimekasirika njia nzima, kama alivyosema katekista. Mara chache nililia. Uchovu haukuisha, kazi hii haina namna hiyo, lakini jioni niliacha kuwabeba wote peke yangu, na rozari yangu ikarudi kuwa rozari. Namshukuru Mungu kwa hilo kila siku, na namshukuru yule padri aliyenizuia nisisimame.

Lakini nilitaka kumalizia na Jumatatu ile ya Pasaka. Nilikwenda kwa Sista na mayai, kama zamani, nikamweleza kilima, togwa na yule bibi. Alikuwa anamenya vitunguu. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na wewe Ijumaa Kuu ulikwendaje huko?"

"Kwa lori, Sista."

"Ukiwa umekula nini?"

Nilikuwa nimefunga tangu usiku wa Alhamisi, nimepanda kilima na kuteremka, na usiku wake nililala na viatu miguuni kwa sababu sikuweza kuinama. Nilikuwa karibu kutimiza miaka sitini, na presha yangu nilikuwa naijua.

Akaweka kisu chini. Akavuta kigoda cha pili kwa mguu, akanionesha nikae.

"Haya," akasema. "Mgonjwa wa pili. Asubuhi anakula nini?"

Nikakaa, nikaanza kumwambia.